Nani Ameziba Jua la Mama Vivian?

Asenath alikuwa mwanamke wa wimbi, ile nafaka ambayo wengine huiita ulezi. Watu wa plotini, yaani wapangaji wenzake, walimwita Mama Vivian. Watoto wa chekechea walimwita Mama Uji, na hilo jina la pili ndilo alilolipenda zaidi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alinunua wimbi kwa watu walioutoa Bungoma. Aliupepeta. Aliuosha kwenye karai, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mchanga wote ukabaki chini. Kisha aliuanika juani juu ya turubai. Ukikauka, aliupeleka kwenye mashine ya kusaga. Uji wa unga ule ulimshibisha mtoto mpaka saa sita. Hayo si maneno yangu, ni ya walimu wenyewe.

Katika kazi hizo zote, kubwa ilikuwa kuanika. Wimbi ukisagwa na unyevu, unga hushika kuvu. Siku tatu tu, unanuka kama tambara la jikoni.

Ndiyo maana Desemba ya mwaka 1995, alipokuwa akitafuta nyumba Kayole, Asenath hakuuliza kwanza habari za maji wala stima. Aliuliza habari za jua. Ndeti, keateka, yaani mtunza nyumba, wa ghorofa moja yenye orofa nne karibu na Spine Road, alimpeleka uani, upande wa nyuma. Ua ulikuwa mwembamba. Kutoka ukutani mpaka kwenye uzio wa mabati ni hatua saba tu. Lakini ulijaa jua kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Hapa jua ni la bure, mama," Ndeti alisema. "Hata usipolitaka utapewa."

Asenath alihamia wiki hiyo hiyo pamoja na mumewe Luseno na watoto wao wawili. Chumba chao kilikuwa cha chini, mlango ukitazama ua. Januari wimbi ulikauka kwa siku moja. Februari vilevile. Triza, mwenye shule ya chekechea mtaa wa pili, akaonja uji wa unga ule na kusema atauchukua kila baada ya wiki mbili. Asenath akaona mambo yake yamenyooka.

Mwisho wa Machi mvua za masika zikaanza. Aprili ikawa mawingu, Mei mawingu. Wimbi ulianikwa kwa kubahatisha, na hakuna aliyeshangaa. Mvua ni mvua. Juni ilipoingia, siku za jua zikarudi moja moja. Asenath akatandika turubai lake mapema, akangoja.

Jua halikuja uani.

Si kwamba halikuwako. Aliliona likiwaka juu ya mabati ya majirani. Aliwaona watu barabarani wakijikinga macho kwa mikono. Lakini ua wake ulikaa kivulini asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo, wiki nzima hivyo. Saa sita mchana alisimama katikati ya ua, akainua uso, akaona ukuta wa ghorofa na kipande cha anga. Jua lenyewe halikuonekana.

Ijumaa ya mwisho ya Juni, Triza alikuja mwenyewe akiwa na mfuko mkononi.

"Mama Vivian, hebu nusa."

Asenath akanusa. Hakuwa na haja ya kunusa mara mbili.

"Hii ni mara ya pili," Triza alisema. Hakupandisha sauti, kwa kuwa alizoea kusema na watoto. "Ya kwanza nilinyamaza. Juzi watoto wawili waliumwa na tumbo. Sijui kama ni uji, lakini siwezi kungoja nijue. Nakupa wiki mbili. Niletee unga mkavu. Ukishindwa, nitanunua wa dukani, na nikishazoea wa dukani sitarudi."

Aibu ilimpanda Asenath mpaka masikioni. Mtu aliyepewa jina na watoto kwa ajili ya uji wake, leo anaambiwa uji huo huenda umewaumiza. Aliumwaga unga wote jalalani, na mwingine uliobaki nyumbani akaumwaga pia.

Jioni Luseno alirudi kutoka kiwandani Industrial Area, alikokuwa kibarua. Hata hajavua viatu, mkewe akamwambia, "Tuhame. Nyumba hii imeingiliwa."

"Imeingiliwa na nini?"

"Na yule mwalimu wa juu."

Mwalimu Qamar alikuwa amehamia orofa ya nne mwezi wa Mei. Alikuwa mwanamke Mwislamu wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani. Alifundisha darasa la sita katika shule ya msingi, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kosa lake mbele ya Asenath lilikuwa moja. Yeye aliingia, na jua likatoka.

Na kulikuwa na jambo jingine. Asenath alipopanda juu ya paa kuanika blanketi, kwa maana upepo wa pale ungeupeperusha wimbi, aliona ubao mpana uliokazwa kwa mawe. Katikati ya ubao palisimama kijiti, wima. Kando yake kulikuwa na alama za chaki, nyingine nyekundu, nyingine nyeupe, na maandishi madogo madogo. Kila Jumamosi na Jumapili, mchana, Mwalimu alipanda pale. Aliinama, akaweka alama, akashuka bila kusema na mtu.

"Ule ni uganga," Asenath alisema. "Amelifunga jua letu."

Luseno akacheka. "Jua si mbuzi, Mama Vivian. Litafungwa kwa kijiti?"

"Wewe cheka tu. Mbona upande wa mbele limejaa na kwetu hakuna? Nani amegawanya?"

 Luseno alivua viatu polepole, akitumaini jibu litakuja kabla ya kiatu cha pili. Halikuja. Na mume asipokuwa na jibu, mke huhesabu kwamba amekubali.

Jumatatu asubuhi Asenath alisema maneno yale bombani, mbele ya wanawake wenzake waliopanga mitungi. Maneno ya bombani hayahitaji miguu. Kufika jioni ghorofa nzima ilikuwa imesikia. Kuna akina mama walioanza kuwavuta watoto wao pembeni Mwalimu anapopita ngazini. Mmoja aliacha kumsalimia.

Jumamosi ilipofika, katika wiki mbili za Triza zilibaki siku sita tu. Asenath alipanda ngazi mpaka juu ya paa, saa sita imepita kidogo. Alikiendea kile kijiti, akakishika, akaking'oa. Kilitoka kwa urahisi kabisa. Chini yake hapakuwa na hirizi, wala unyoya, wala kitu chochote ila tundu dogo kwenye ubao. Akabaki amekishika, hajui hatua inayofuata. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya vita, na vita havikutokea.

"Mama Vivian, hujambo?"

Mwalimu Qamar alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi, kipande cha chaki mkononi.

"Sijambo," Asenath alijibu kwa mazoea.

"Umening'olea kivuli changu."

"Na wewe umeniondolea jua langu."

Mwalimu hakucheka. Aliipindua ndoo moja kuukuu, akaikalia. "Maneno ya bombani yamenifikia," alisema. "Yameniumiza, sitakuficha. Lakini kwanza niambie. Jua lako lilikuwa wapi, na liliondoka lini?"

Kwa kuwa aliulizwa kwa adabu, Asenath akajibu kwa adabu. Alieleza habari za Desemba na ua uliojaa jua. Alieleza mvua, kivuli, kuvu, na wiki mbili za Triza ambazo sasa zilikuwa siku sita. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, kirudishe kijiti kwenye tundu lake," alisema. "Saa sita na nusu inakaribia. Hapa kwetu Nairobi, huo ndio wakati jua linapofika juu kabisa. Usiniamini mimi. Tazama kwa macho yako."

Asenath akakirudisha. Kivuli chake kikalala juu ya ubao, kifupi na cheusi.

"Kimeelekea wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Huku. Upande wa Embakasi."

"Yaani kusini. Basi jua liko upande gani?"

Asenath akageuka. Jua likampiga usoni. "Huku. Upande wa Kangundo Road."

"Kaskazini. Sasa njoo tuchungulie chini."

Walisogea kwenye ukingo wa mbele, upande wa kaskazini. Chini kabisa walimwona Patrobas, fundi wa sofa, akipiga misumari huku amejifunika gunia kichwani. Jua lilikuwa limemkaa mgongoni. Kisha wakavuka hadi ukingo wa nyuma. Uani kwa Asenath, turubai lililala kivulini kutoka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Ghorofa hii nayo ni kijiti, ila ni kikubwa," Mwalimu alisema. "Jua likiwa kaskazini, kivuli cha ghorofa kinaanguka kusini, juu ya wimbi wako. Desemba jua liko kusini. Wakati huo kivuli kinamwangukia Patrobas, na wewe unapata jua."

Asenath alikitazama kijiti, akaitazama ghorofa, akakitazama kijiti tena. "Na hizi alama?"

"Nyekundu ni za Mei. Nyeupe ni za Juni. Kivuli cha mchana kilikuwa kikirefuka kila wiki. Mwisho wa Juni kikasimama. Kuanzia sasa kitaanza kufupika kidogo kidogo. Nawafundishia wanafunzi wangu. Na mimi mwenyewe kinanisaidia kujua kwamba adhuhuri imeingia."

"Kwa hivyo jua ndilo limehama?"

"Halijahama. Wanaohama ni sisi. Njooni kwangu saa kumi na mbili, wewe na Baba Vivian. Na uje na wimbi kiganja kimoja."

"Wimbi wa nini, Mwalimu?"

"Utaiona kazi yake."

Saa kumi na mbili walikuwa kwa Mwalimu, Luseno akiwa amevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Julai. Jiko la makaa lilikuwa katikati ya chumba, chai ya tangawizi inachemka kwenye sufuria. Mwalimu aliwamiminia, kisha akachukua chungwa. Akalichoma kwa kijiti cha mshikaki kutoka juu mpaka chini.

"Jina langu Qamar maana yake ni mwezi," alisema, "lakini leo nitawapa habari za jua. Tuseme jiko hili ndilo jua. Jua ni nyota. Ni sawa na nyota nyingine, ila liko karibu nasi kuliko zote, ndiyo maana tunaliona kubwa. Jua linawaka lenyewe. Dunia haiwaki. Dunia ni hili chungwa, inapata mwanga na joto kutoka kwa jiko."

Akaweka doa la kalamu katikati ya chungwa. "Hapa ndipo sisi, karibu na ikweta." Akalizungusha chungwa taratibu kwenye kijiti chake. "Dunia inajizungusha hivi. Doa likitazama jiko, kwetu ni mchana. Likigeukia kule, ni usiku. Mzunguko mmoja ni siku moja, saa ishirini na nne."

"Lakini tunasema jua limechomoza," Asenath alisema. "Sijasikia mtu akisema dunia imegeuka."

"Tunasema tunachokiona. Treni ikianza kuondoka, si huona kama watu wa stesheni ndio wanarudi nyuma?"

"Hiyo naijua," Luseno alisema. "Siku moja nilimpungia mkono mtu nikidhani yeye ndiye anaondoka."

"Basi ni vivyo hivyo. Sasa mwendo wa pili." Mwalimu akainuka, akaanza kulizunguka jiko na chungwa lake. "Huku inajizungusha, dunia pia inalizunguka jua. Mzunguko mzima ni mwaka mmoja, siku mia tatu sitini na tano na robo. Sasa kitazameni kijiti. Mnaona sikukisimamisha wima?"

Kweli, kijiti kilikuwa kimeinama kidogo.

"Dunia imeinama hivi. Na katika safari yote inabaki imeinama kuelekea upande uleule." Akasimama upande mmoja wa jiko. "Hapa ni Juni. Sehemu ya juu ya chungwa, yaani kaskazini, imeinamia jiko. Sisi tulio katikati tunaliona jua la mchana likiwa kaskazini." Akazunguka mpaka upande wa pili, kijiti kikiwa kimeinama vilevile. "Hapa ni Desemba. Sasa sehemu ya chini, kusini, ndiyo iliyoinamia jiko. Jua la mchana tunaliona kusini. Katikati ya safari, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, linatupita juu ya utosi."

Luseno akaweka kikombe chini. "Mimi nilidhani Julai kuna baridi kwa sababu jua limekwenda mbali."

"Wengi wanadhani hivyo. Lakini mwezi huu huu watu wa Ulaya wanatokwa jasho. Kama ni jua kwenda mbali, si sote tungetetemeka pamoja?"

"Hapo umenipata," Luseno alisema, akavua sweta moja. Jiko lilikuwa karibu.

Mwalimu akamgeukia Asenath. "Toa wimbi. Chukua punje moja tu, iweke kiganjani. Tuseme hiyo punje ndiyo Dunia nzima, na bahari zake, na milima yake, na Kayole yote. Basi jua ni kubwa kama sufuria hii ya chai."

Asenath akaitazama punje, akaitazama sufuria.

"Na haviko karibu. Ukiiweka sufuria mlangoni pako, punje utaipeleka hatua ishirini na tano. Kwa kweli ni kilomita milioni mia moja na hamsini. Mwanga wa jua unatumia dakika nane kutufikia."

"Na punje iko peke yake huko?"

"Hapana. Iko na wenzake. Hao tunawaita sayari. Sayari haiwaki yenyewe, inamulikwa na jua tu. Zote zinalizunguka jua, kila moja kwenye njia yake. Ya kwanza ni Zebaki, wengine huiita Utaridi. Ni ndogo, na iko karibu na jua hata inalizunguka kwa siku themanini na nane tu. Ya pili ni Zuhura. Hiyo unaijua, Mama Vivian. Unapoenda bombani alfajiri siku hizi, huoni nyota moja kubwa nyeupe mashariki?"

"Ile nyota ya asubuhi?"

"Si nyota. Ni Zuhura. Inalingana na Dunia kwa ukubwa, lakini imefunikwa na hewa nzito inayozuia joto lisitoke. Hakuna sayari yenye joto kuliko hiyo. Ya tatu ni sisi. Ya nne ni Mirihi, nyekundu kwa sababu udongo wake una kutu. Kwa kipimo chetu ni nusu ya punje yako. Ya tano ni Mshtarii, kubwa kuliko zote. Tukiwa punje ya wimbi, Mshtarii ni gololi ya watoto. Hebu njooni."

Aliwafungulia mlango wa roshani. Giza lilikuwa limeanza kuingia na anga lilikuwa wazi. Upande wa mashariki, juu kidogo ya mapaa, kitu kilikuwa kinang'aa bila kumetameta.

"Ndiyo hiyo gololi," Mwalimu alisema.

Walisimama wakiitazama. Asenath alikuwa ameiona mara nyingi, lakini hakuwahi kujua kwamba ina jina na kwamba nayo inazunguka jua lile lile linalokausha wimbi.

Waliporudi ndani, Mwalimu alimalizia. Zohali ni ya sita, imezungukwa na pete za barafu na mawe. Uranus ni ya saba na Neptuni ya nane. Ziko mbali, na baridi yake haina mfano. Mwisho akaitaja Pluto. Kwa kipimo cha punje ya wimbi, alisema, kutoka mlangoni pa Asenath mpaka Pluto ni mwendo wa karibu dakika kumi kwa miguu.

Hapo mimi msimulizi niongeze neno. Miaka hiyo ya tisini vitabu vilihesabu sayari tisa. Mwaka 2006 wataalamu wa anga waliiondoa Pluto katika hesabu hiyo, wakaiweka katika kundi la sayari kibete. Leo tunahesabu nane. Mwalimu Qamar hakukosea. Alifundisha kilichojulikana wakati wake.

Asenath aliifunga punje kiganjani. Chai yake ilikuwa imepoa. "Mwalimu," alisema, "nimekukosea."

"Umenikosea bombani," Mwalimu alijibu. "Hapa kwangu hujanikosea."

Usingizi ulikuja kwa shida siku ile. Lakini Asenath hakuwa mtu wa kulala na jambo mara mbili. Jumapili, alipotoka kanisani, alikwenda moja kwa moja upande wa mbele.

"Sasa, mathe," Patrobas alisema bila kuinua kichwa. "Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Hili jua unalionaje?"

"Wacha tu. Limeninyorosha kweli tangu June. Nikipaka glu, inakauka kabla nibandike kitambaa. Jana nimeharibu kiti mzima."

"Na Desemba?"

Patrobas akafikiri. "December hapa ni shade poa. Ni kama sehemu mbili tofauti."

"Basi tubadilishane. Wewe njoo nyuma kwangu kwenye kivuli. Mimi nije hapa kwenye jua. Septemba jua litaanza kurudi kwangu na kivuli kitarudi kwako. Tutahama tena. Machi tena hivyo hivyo."

Patrobas aliweka nyundo chini. "Nani amekuambia hiyo story ya Septemba?"

"Mwalimu wa juu."

"Yule wa kijiti?"

"Yule yule. Nilikuwa mjinga, Patrobas, na leo si mjinga tena. Unabadilisha au hubadilishi?"

Walikwenda kwa Ndeti, keateka. Ndeti akakuna kichwa, akasema haoni sheria yoyote inayokataza watu kugawana kivuli. Kufikia jioni mbao za sofa zilikuwa nyuma na turubai lilikuwa mbele.

Jumatatu alfajiri Asenath alikuwa wa kwanza bombani. Kulikuwa na mawingu mazito, kwa hivyo hata kivuli cha kuwaonyesha watu hakikuwako. Alingoja mpaka wanawake wakajaa. 

"Jamani, nisikilizeni. Jumatatu iliyopita nilisimama hapa nikasema Mwalimu Qamar ameniroga. Nilisema uongo. Sikujua kwamba ni uongo, lakini kutojua hakunipi ruhusa ya kulichafua jina la mtu."

 Mtungi uliokuwa chini ya bomba ukajaa, ukamwagika.

"Na kile kijiti?" mmoja akauliza.

"Ni cha kupima kivuli. Nimekishika kwa mkono huu. Uko mzima." Akawainulia mkono. Kisha akawaeleza yote, Juni na Desemba, ghorofa na kivuli chake, na jinsi alivyowahi kumlaumu mwanamke mwenzake kwa sababu dunia imeinama. Wengine walicheka, naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa aliyestahili kuchekwa ni yeye.

Katika kicheko hicho Mwalimu Qamar akatokea na ndoo yake. Kicheko kikakatika. Yule mama aliyekuwa ameacha kumsalimia akavuta mtungi wake kando.

"Shikamoo, Mwalimu. Tangulia wewe, utachelewa shule."

"Marahaba. Ahsante." Mwalimu alikinga maji yake. Alipokuwa anajitwisha ndoo, alimtazama Asenath. "Umeanika wapi leo?"

"Mbele, Mwalimu."

"Haya. Mungu alete jua."

Jumatatu hiyo jua halikuja, wala Jumanne. Julai ya Nairobi ina mawingu yake, na hakuna sayari inayoweza kulaumiwa kwa hilo. Asenath aliugeuza wimbi wake kwa mikono, akaukusanya jioni, akautandaza asubuhi. Luseno alimkuta akitazama juu, akataka kumtania, kisha akamshikia pembe ya turubai.

Jumatano saa nne mawingu yalifunguka. Jua lilishuka upande wa mbele, likaukalia wimbi mpaka saa kumi. Alhamisi likaja mapema zaidi. Saa tisa Asenath aliokota punje moja, akaitia kati ya meno na kuiuma. Ikalia ka, ikavunjika vipande viwili. Akaokota nyingine mwisho wa turubai, nayo ikalia. Hapo akajitwisha gunia kwenda mashineni, mbiombio, bila kumngoja mtu wa kumsaidia.

Ijumaa Triza alikuja kama alivyosema. Aliingiza mkono ndani ya mfuko, akaufinya unga. Haukushikana. Ulimponyoka vidoleni. Akaunusa mara moja, akaunusa tena, kisha akatia kidogo ulimini.

"Huu ndio ule wa Januari," alisema.

"Ndio huo."

Triza alifunga mfuko, lakini hakuubeba. "Mama Vivian, mimi nalisha watoto mwaka mzima. Nisipokuwa na hakika, nitakuwa nakuja hapa kila mara na wasiwasi. Julai ijayo hali itakuwaje?"

Asenath akamwonyesha kwa kidole, upande huu na upande ule, kama mtu anayeonyesha shamba lake. "Kuanzia Machi nitaanika hapa mbele. Kuanzia Septemba nitaanika kule nyuma. Mawingu yakikaa siku mbili, nitakuwa nimeanika siku nne kabla. Sitakuletea tena unga ambao sijaziuma punje zake mwenyewe."

"Na yule niliyesikia kwamba ameliziba jua?"

"Ni nyumba ninayolala, na mimi nilikuwa nikitafuta mtu wa kulaumu. Jua halikuwa na neno na mimi."

Triza akatabasamu. Kisha akasema kwamba muhula ujao watoto wataongezeka ishirini, na kwamba angependa unga wao wote utoke hapa. Asenath aliitikia, akainama, akamsaidia kujitwisha mfuko.